Baiti Kumi Zisizo na Kazi

Msomaji wa Walikale hahitaji kufundishwa kwamba simulizi moja huwa na sura nyingi. Mwaka 1956 Rureke, msimulizi wa Kinyanga, alimsimulia na kumwimbia mtafiti Daniel Biebuyck habari za shujaa Mwindo kwa siku 12. Mwaka 1969 Biebuyck na Kahombo Mateene wakazitoa kitabuni. Mwaka 1978 Biebuyck alichapisha simulizi za Mwindo za watu wengine, na hazilingani na ile ya Rureke. Kuziweka sambamba na kuuliza ipi ina undugu na ipi ni kazi ya kitaalamu, na ndiyo wanayofanya leo wahifadhi wa programu za kompyuta za kwanza za nyumbani.

Tuchukue BASIC, lugha ya kuandikia programu, ambayo Microsoft iliiandika mwaka 1976 kwa ajili ya chipu ya 6502. Commodore iliitia katika kompyuta yake ya PET ya 1977; Apple nayo ikaichukua na kuiita Applesoft. Amri kama PRINT na GOTO zimo kote, lakini hazithibitishi undugu wowote: Steve Wozniak aliiandikia Apple BASIC nyingine kabisa, na amri hizo zimo humo pia. Mimi naanza kutazama pale ambapo hakuna mtumiaji aliyewahi kutazama.

Ndani ya Applesoft, mara tu baada ya jedwali la namba za kukokotolea sine, zimekaa baiti 10 ambazo hakuna amri inayozigusa. Zinaanza A6, D3, C1, C8, kwa hesabu ya kumi na sita. Geuza kila moja kwa XOR na ufunguo 87 wa hesabu hiyohiyo, na utapata alama ya mshangao, T, F, O. Endelea hadi ya kumi, kisha soma kinyumenyume: MICROSOFT! Katika toleo la pili la BASIC ya PET neno hilohilo lipo, ila limefichwa kwa njia nyingine: baiti zake zinaanza A1, 54, 46, na ukizifuta biti mbili za juu herufi zinajitokeza. Kwenye PET hiyo, ukiandika WAIT 6502,1 neno linatokea kwenye skrini.

Katika Commodore 64 ya 1982 baiti hizo hazipo. Mtu mwenye haraka angesema ukoo umekatika, na angekosea. Alama ikipatikana pande mbili ni ushahidi. Ikikosekana si ushahidi, maana yeyote anaweza kufuta. Rudi kwenye jedwali lenyewe la sine: kwenye Commodore 64 namba ya kwanza ni 84 E6 1A 2D 1B, na kwenye Applesoft ni hiyohiyo, baiti kwa baiti. Waandishi wawili wasiojuana wasingefika hapo kwa bahati.

Ndiyo maana inaniuma nakala zinapofutwa kwa sababu kuna iliyo bora zaidi. Kwa kuwa nakala za zamani zilikuwepo, mwaka 2008 Michael Steil alilinganisha matoleo ya mashine mbalimbali, akaunda upya msimbo mmoja unaoyazaa yote. Septemba 2025 Microsoft yenyewe ilifungua msimbo wa toleo la 1.1, na humo mna swichi iitwayo REALIO: ukiiweka 3 unapata BASIC ya Commodore, ukiiweka 4 unapata ya Apple.