Nukta Bilioni Kwenye Skrini Moja

Mwaka 2010 Andrew Tallon, mwanahistoria wa sanaa wa Chuo cha Vassar nchini Marekani, aliingia na skana ya leza katika kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris. Aliisimamisha kwenye vituo zaidi ya 50, ndani na nje, na kila kituo mashine ikazunguka taratibu ikirusha miale kila upande. Alipomaliza alikuwa na nukta zaidi ya bilioni moja. Aprili 15, 2019 paa la kanisa hilo likateketea, na kazi ya Tallon, aliyekuwa amefariki miezi michache kabla, ikatangazwa duniani kote. Habari nyingi zilisimulia namna alivyopima. Kilichosemwa kidogo ni shida inayoanza baada ya kupima: nukta bilioni moja zinatazamwaje?

Skana ya aina hii hupima umbali. Mwale hutoka, hugonga ukuta na kurudi, na mashine hupima muda uliopita. Nuru huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo ukuta ulio umbali wa mita 30 hujibu baada ya nanosekunde 200 tu. Saa ikikosea nanosekunde moja, ukuta unahama sentimita 15. Kila jibu huandikwa kama nukta yenye namba tatu za mahali ilipo, pamoja na nguvu ya mwale uliorudi, na mara nyingi rangi iliyochukuliwa na kamera. Hakuna mahali kwenye faili palipoandikwa kwamba hii ni nguzo na ile ni dari.

Msanifu anayelifungua faili hilo kwa mara ya kwanza katika programu ya kuchorea kama AutoCAD huvunjika moyo. Akiwa mbali, jengo linapendeza. Akisogea, nukta zinaachana na ukuta unageuka chandarua: kupitia humo anaona ukuta wa nyuma, ngazi na mti ulio uani, vyote vimerundikana mahali pamoja.

Kisha kuna uzito. Nukta moja ikichukua baiti 16, bilioni moja ni gigabaiti 16. Na skrini ya kawaida, yenye pikseli 1,920 kwa 1,080, ina pikseli milioni mbili na kidogo. Kompyuta ikilazimishwa kuchora kila kitu, nukta zaidi ya 480 zitagombea pikseli moja, na zote isipokuwa moja zitakuwa kazi bure. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ujuzi wa programu hizi ni kuamua nini kisichorwe.

Njia iliyozoeleka ni kuliweka jengo zima ndani ya sanduku la kufikirika, kuligawa visanduku vinane, kila kimoja tena vinane, na kuendelea hivyo hadi chini. Kisanduku kikubwa huhifadhi nukta chache zilizotawanyika. Vidogo huongeza undani. Anayetazama kutoka mbali huletewa nukta za ngazi ya juu tu. Akilisogelea dirisha, visanduku vya dirisha hilo ndivyo vinavyosomwa kutoka kwenye diski, na vya upande wa pili wa jengo huachwa vilale. Potree, programu ya bure iliyotengenezwa na Markus Schütz mjini Vienna, hutumia mbinu hii kuonyesha mabilioni ya nukta ndani ya kivinjari cha intaneti, jambo ambalo zamani lilihitaji kompyuta ya bei ya gari.

Mbinu ya pili ni ya kivuli. Christian Boucheny, Mfaransa, alibuni namna ya kulinganisha kina cha kila pikseli na cha jirani zake: iliyo nyuma zaidi ya jirani hutiwa weusi. Hesabu ni nyepesi mno, lakini ghafla kingo za milango na nyufa za lipu hujitokeza. Kwa macho ya mwandishi huyu, hakuna kitufe kinachobadilisha picha kiasi hicho.

Hata hivyo, chombo ambacho msanifu hawezi kukiacha ni kisu. Chukua Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, mmoja wa majengo yaliyopimwa na mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town ulioongozwa na Heinz Rüther. Nguzo zake ni nyingi, kila moja huficha sehemu ya ukuta ulio nyuma yake, hivyo skana hulazimika kuhamishwa tena na tena. Nukta zikishaunganishwa, kipande chenye unene wa sentimita chache hukatwa sambamba na sakafu, na kilichobaki hufichwa. Ndipo ramani ya jengo inapoonekana: mahali pa nguzo, unene wa kuta, milango.

Huonekana pia mambo yasiyo ya jengo. Sakafuni pana duara tupu kila pale tripodi iliposimama, kwa sababu skana haijioni miguuni. Mtu aliyekatiza mbele ya mashine hubaki kama ukungu wima. Jengo likiwa na kioo cha ukutani, nyuma yake huota chumba kizima kisichokuwepo, na lazima mtu akifute kwa mkono.

Mtego mwingine uko kwenye namba zenyewe. Katika UTM, mfumo wa kutaja mahali kwa mita, kusini mwa Ikweta, Ikweta hupewa mita 10,000,000, na Kilwa huangukia kwenye milioni tisa na kidogo. Kadi za michoro, kwa ajili ya kasi, hutunza namba kwa tarakimu saba hivi. Ikipita 8,388,608, namba ya aina hiyo haina tena nafasi ya nusu mita. Huruka kutoka mita moja hadi nyingine. Tanzania yote imo humo. Ukuta uliopimwa kwa milimita unaweza kuonekana kama karatasi zilizoachana mita moja moja. Dawa ni kutoa namba kubwa kwenye kila nukta, kuchora karibu na sifuri, na kuiandika namba hiyo mahali ambapo mwenzako ataiona.

Baada ya hayo, bado mtu ndiye anayechora mstari. Ukuta wa matumbawe uliobanduka lipu hauna ukingo mmoja. Kipande kilichokatwa huonyesha mkanda wa nukta, na mchoraji huamua mstari upite wapi.

Na kuna mambo ambayo skana haiyafikii kabisa. Katika makaburi ya makabaka, wafalme wa Buganda, huko Kasubi, Kampala, shirika la CyArk lilipima kwa leza mwaka 2009. Machi 16, 2010 nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, ikaungua. Skana huweza kuonyesha umbo la paa la nyasi na mahali pa pete 52 za dari, moja kwa kila ukoo wa Baganda. Lakini mwale hukoma kwenye unyasi wa kwanza. Namna matita yanavyofungwa ndani haimo kwenye nukta. Kazi ya kuezeka kwa desturi ni ya ukoo wa Ngeye. Baada ya nyumba hiyo kujengwa upya, UNESCO iliyaondoa makaburi hayo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023.