Sukari Isiyopita Mdomoni

"Daktari, mama ameacha sukari, ameacha wali, ugali anakula matonge mawili tu. Mbona bado ananenepa na kipimo kinapanda? Aache nini tena?" Swali hili hunifikia kwa simu kutoka Mombasa, kutoka Muscat, kutoka Minnesota, na mgonjwa ni yule yule: ana kisukari, figo zimeshindwa, anachuja damu nyumbani kwa njia ya tumbo. Aache nini? Kwanza someni maandishi yaliyo kwenye mfuko wa maji anayotiwa tumboni.

Yale maji yana glukosi, na imewekwa makusudi, kwa kuwa ndiyo inayovuta maji ya ziada kutoka kwenye damu kupitia utando wa tumbo. Mfuko wa lita 2 wa asilimia 1.5 una gramu 30 za sukari. Wa 2.5 una gramu 50. Ule mkali, wa 4.25, una gramu 85, yaani zaidi ya vijiko 20 vya chai. Maji yakikaa tumboni saa nne mpaka sita, aghalabu zaidi ya nusu ya sukari hiyo huingia mwilini. Mgonjwa wa mifuko minne kwa siku anaweza kunyonya gramu 100 hadi 200, na hapo hajagusa tonge.

Familia nyingi hujibu kwa kumshindisha mgonjwa njaa, na hili ndilo linalonichosha. Kila siku gramu 5 mpaka 15 za protini hutoka na maji yanayomwagwa, na tumbo likipata maambukizi hutoka zaidi. Mnyimeni mayai, samaki na kuku eti apungue: misuli inaisha, albumini inashuka, miguu inavimba. Mizani inapanda kwa sababu amejaa maji, nyumbani mnasema bado ananenepa, mnapunguza tena chakula. Kliniki wanaona uvimbe, wanampandisha kwenye mfuko mkali. Sukari ikaingia maradufu.

Kisha yanakuja majani. Karela, mdalasini, na ile chai ya kukata tumbo ambayo muuzaji anaapa kwamba inayeyusha mafuta na kusafisha figo kwa mpigo mmoja. Figo iliyoshindwa haisafishwi na chai. Karela nayo, ikishusha sukari kweli, itaishusha juu ya insulini ambayo figo haziiondoi tena haraka, na mtamkuta mgonjwa alfajiri amezimia. Alichobakiwa nacho cha thamani ni ule mkojo kidogo anaoutoa bado, maana maji yanayotoka kwa njia hiyo hayahitaji glukosi ya kuyavuta. Kwa majani hayo mnauchezea kamari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Brussels, Ubelgiji, watu zaidi ya mia, wengi wao wanawake, waliharibika figo baada ya kupewa mchanganyiko wa mitishamba ya kupunguza unene. Ndani yake mlikuwa na mmea wa jamii ya Aristolochia. Wengi waliishia kwenye dialisisi au kupandikizwa figo. Basi msiniambie ni dawa ya asili. Aristolochia nayo huota ardhini.

Swali la kuuliza ni jinsi ya kupunguza mifuko mikali, na jibu liko kwenye chumvi. Chumvi huleta kiu, kiu huleta maji, maji huita mfuko mkali. Mgonjwa anayekula nusu sahani ya wali kwa ng'onda na achari anajiumiza zaidi kuliko mwenye sahani ya kiasi na samaki wa leo asiye na chumvi nyingi. Lakini nani hunipigia simu kuhusu achari?

Mengine haraka haraka. Ulizeni kama mfuko unaokaa muda mrefu unaweza kuwa wa ikodekstrini badala ya glukosi. Mkiupata, hakikisheni kipima sukari kinafaa, maana baadhi husoma maltosi inayotokana na ikodekstrini kama glukosi, vikaonyesha juu wakati sukari imeshuka, hata wiki mbili baada ya kuacha. Metformini hapana, glibenklamidi hapana. Linagliptini inawezekana, na insulini ipangwe na daktari kwa kufuata ratiba ya mifuko. Kipimo cha sukari cha miezi mitatu msikitegemee peke yake: upungufu wa damu na sindano za kuongeza damu mara nyingi hukifanya kisome chini. Uzito upimwe tumbo likiwa tupu, kwa kuwa lita 2 ni kilo 2. Kutembea ndiyo, kubeba ndoo hapana, henia iko karibu. Na mnene ambaye hajaanza kuchuja damu asikubali kuambiwa kwamba unene peke yake unamfungia njia hii. Amwombe daktari wa upasuaji autoe mpira wa kupitishia maji juu ya kitovu, mahali anapopaona mwenyewe na kupasafisha, si chini ya mkunjo wa tumbo penye jasho.