Usicheki Jina la Chuo, Cheki Majirani

Manze, KUCCPS ikifungua tu hivi, grupu za wasee wa fom foo zinawaka moto. UoN ama KU? JKUAT ama Moi? Wasee wanazozana ni ka derby ya Gor na Ingwe. Fathe naye anadai jina ya kushow watu kanisani. Mkumbushe Wangari Maathai alisomea bayo kwa kachuo kadogo Kansas, akamaliza 1964, alafu 1971 akachukua PhD hapa hapa Nairobi. Hakuna msee hukumbuka kuuliza hako kachuo kanaitwaje.

Ka unadai bayo ya ukweli, ile ya kushika pipeti na kuchafua koti nyeupe, uliza kwanza chuo imejengwa karibu na nani. Ju undagradi wa Kenya hupata risachi mob akiwa atachi, na atachi nyingi hazilipi. Fare ni yako, lanchi ni yako. Labu ikiwa mbali na keja, ganji inakatika wiki ya pili na ndoto inaenda nayo.

Cheki Kilifi. Ukitaja Pwani University, msee wa Nai anafikiria bichi na madafu. Acha afikirie. Chuo ilipata chata 2013, bado ni changa, lakini mji huo huo ndio base ya KEMRI-Wellcome, wasee wa malaria wenye wako hapo tangu 1989, kando ya hospitali ya kaunti. Wana hadi programu ya kuchukua vijana wa kaunti wakitoka tu fom foo, wanawaweka labu kabla hata wajoin chuo. Na mji ni mdogo, jo. Mtafiti mnaeza patana kwa laini ya viazi karai, mkabonga mbu mpaka ukwaju uishe. Nai, msee ka huyo unamwandikia imeili tatu, na ukifika soja wa geti bado anakuhoji. Joto ya huko sasa, hiyo ni stori ingine. Ka damu yako ni ya Kinangop, budget feni.

Thika Road nayo ni laini moja ya mathree. KU iko Kahawa, JKUAT iko Juja, alafu Kasarani kuna Duduville, makao ya icipe, yenye Thomas Odhiambo alianzisha 1970. Huko ni wadudu tu, asubuhi mpaka jioni. Wana kambi ingine Mbita, kando ya lake, na 2020 watafiti wao walitoa stori ya Microsporidia MB, kijidudu kinaishi ndani ya mbu na kinamzuia kubeba malaria. Juja ni sherehe, usidanganywe, lakini mbu pia wako.

Chiromo, kampasi ya UoN, iko karibu na tao, Museum Hill unafika na miguu, na huko ndio kuna Herbaria ya Afrika Mashariki, mimea imekaushwa makabati kwa makabati. Jirani mwingine ni mochari, utamzoea. Rent ya Westlands ndio hutaizoea. Maseno nao, wakishuka Kisumu wanapita Kisian, kwa KEMRI.

Kabla ujaze fomu, tafuta msee wa fourth year, si ule wa brosha. Muulize projekti yake aliifanyia wapi na nani alimsign. Akianza kuzunguka, ati data alipewa na beshte, shika rada. Muulize pia ka kwa praktiko anashika maikroskopu ama anachungulia juu ya bega ya wengine.

Ukishaingia, usingoje third year. Andikia mtafiti imeili fupi, taja kazi yake moja umesoma, alafu uliza ka kuna glasi za kuosha ama mbu za kuhesabu. Mbu huwa ziko.