Konserto ya mukono wa kushoto

Wandugu watumikaji, na nyinyi mama na watoto kwenye nyumba, leo hatuzungumuzi bei ya shaba wala mushahara. Tunazungumuza piano. Musicheke kwanza.

Jioni moja, kiisha mukutano wa sendika, kijana wetu mumoja alitusikilizisha muziki kwenye telefone. Mwanzo ni ngurumo tu, chini chini, sawa mashine yenye inaamuka mbali ndani ya shimo. Okestra inapanda, inapanda, halafu piano inaingia peke yake kwa nguvu. Ilichukua dakika 18 hivi. Pa mwisho kijana akauliza: "Ule mutu anapiga na mikono ngapi?" Wengi walisema miwili. Mumoja akasema pale iko batu babili.

Ni mukono mumoja, ule wa kushoto.

Katikati yetu alikaa ndugu mumoja mwenye mukaba wa mashine ulimukata mukono wa kuume, sasa miaka mine. Alisema neno moja tu: "Rudisha mwanzo."

Hii konserto iliandikwa na Maurice Ravel, Mufaransa, katika 1929 na 1930. Aliiandika juu ya mutu mumoja, Paul Wittgenstein wa Vienna, kule Austria. Baba yake alikuwa mukubwa wa viwanda vya chuma, tajiri wa kupita kiasi. Paul alianza kupiga piano mbele ya watu katika 1913. Mwaka ule uliofuata vita ikaanguka. Katika mwezi wa 8 wa 1914, akiwa soda upande wa Polandi, risasi ilimupasua kisukusuku. Waganga walikata mukono wa kuume, na wakati ule ule Warusi walikamata ile lupitali. Akapelekwa mufungwa mpaka Omsk, kule Siberia, kwenye baridi. Wanasimulia kwamba alipata sanduku la mbao, akachora juu yake vile vipande vyeupe na vyeusi vya piano na makala, akaanza kugonga na vidole vyake vitano. Sanduku halitoi sauti. Yeye alikuwa anasikia ndani ya kichwa.

Alirudi kwao katika 1915, wakati walibadilishana wafungwa wenye kuumia.

Sisi watu wa sendika hatuwezi kuficha hii: alikuwa na feza ya baba yake. Mutoboaji wa mawe akikatwa mukono, hana urizi wa viwanda vya chuma. Lakini tuangalie vile alitumia ile feza. Hakuomba nyimbo nyepesi za kuhurumiwa. Aliagiza kazi nzito, na okestra muzima, kwa watunzi wakubwa wa wakati ule.

Ravel naye alijua vita. Jeshi lilimukataa kwanza juu ya umbo lake dogo. Akasukuma mpaka wakamupa kamyo, na katika 1916 alikuwa anaendesha karibu na Verdun.

Namna alifanya ile kazi, ni ya fundi. Mukono unagonga sauti nzito ya chini, muguu unakanyaga pedali ili ile sauti isikufe, na mukono umekwisha kuruka juu. Sikio linasadiki mikono iko miwili. Kisha kidole gumba. Kwenye mukono wa kushoto, gumba linaangalia upande wa kuume, kule kwenye sauti za juu, fasi yenye wimbo unakaa. Basi gumba linaimba, vile vingine vine vinabeba muzigo. Katikati mule unasikia mwendo wa jazi, maana katika 1928 Ravel alitembea Marekani.

Wittgenstein aliipiga mara ya kwanza Vienna, tarehe 5 mwezi wa 1, 1932. Lakini alikuwa amebadilisha fasi zingine namna yeye alitaka, na Ravel alipoisikia alikasirika sana. Tunamuelewa Ravel. Mutu mwenye kulipa hana haki ya kupindua kazi ya fundi. Hata hivyo katika 1933 walikuwa pamoja Paris, Ravel mwenyewe akiongoza okestra.

Tangu pale ile konserto haikulala. Prokofiev na Britten nao waliandikia Wittgenstein. Hindemith alikuwa amekwisha kumuandikia katika 1923, yeye akaifungia tu ndani ya nyumba. Mutu mwenye aliipiga mara ya kwanza, katika 2004, ni Leon Fleisher, Mumarekani mwenye vidole vya mukono wa kuume vilijikunja katika miaka ya 1960, na miaka mingi ile konserto ya Ravel ilimubakisha kwenye kazi. Kule Uingereza iko Nicholas McCarthy, alizaliwa bila mukono wa kuume, naye anaipiga.

Kwenye kazi moja yenye tunajua, mutu akikatwa mukono, munganga anaandika ni asilimia ngapi ya mwili imeharibika. Hakuna mwenye anaandika nini imebakia. Wanamupa makuta kidogo, wanamuweka kwenye mulango kufungulia kamyo. Huyu ndugu yetu alitumika miaka 15 kwenye mashine ya kusaga mawe. Akisimama mbali, anasikia rulema gani inataka kukufa. Tumeandika jina lake juu ya karatasi yenye tutapeleka kwa wakubwa: arudishwe pale, awe musikilizaji na mufundishaji wa vijana. Tunangojea jibu.

Siku ya kwanza iliyofuata alirudi ofisini, akaomba tena ile telefone. Aliweka mukono wake juu ya meza, akaanza kugonga na gumba, pole pole, akitafuta fasi wimbo unapita.