Mlo wa Aliyepunguzwa Tumbo

Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito hurudi nyumbani na tumbo jipya na mazoea ya kale, na taabu yake kubwa katika miezi ya kwanza, kwa kadiri tuonavyo sisi tunaowapangia mlo wagonjwa hawa, haitoki katika uchache wa chakula, kwani njaa yenyewe aghalabu huwa imepungua, bali hutoka katika mkono, jicho na jamaa, ambako kisu cha tabibu hakikufika.

Upasuaji huu una namna kadha wa kadha, na zilizo mashuhuri ni mbili. Katika namna ya kwanza tabibu huondoa takriban robo tatu ya mfuko wa tumbo au zaidi, akaacha mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Na kwa kuwa sehemu iliyoondolewa ndiyo itoayo kwa wingi homoni ya ghrelini iletayo njaa, mgonjwa hustaajabu kuona adhuhuri imepita naye hakukumbuka kula. Katika namna ya pili, ambayo asili yake ni kazi ya Edward Mason na Chikao Ito katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966, siku hizi hutengwa kifuko cha mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vikubwa, kikaunganishwa na utumbo mwembamba, hata chakula kikapita bila kuligusa tumbo lililobaki.

Maadamu mshono haujapona, mlo hupanda kwa daraja: kwanza maji na supu iliyochujwa, kisha maziwa na mtindi mwepesi, halafu vyakula vilivyosagwa, baadaye vyakula laini, na baada ya majuma sita hadi manane ndipo huanza chakula cha kawaida, ingawa hospitali huhitilafiana kidogo katika hesabu hiyo. Katika daraja ya vyakula vilivyosagwa, mlo mmoja waweza kuwa changu aliyechemshwa, akatolewa miiba yote, akasagwa na mchuzi wake usio na pilipili, akatiwa katika kikombe cha kahawa na kuliwa kwa kijiko cha chai, kijiko kikiwekwa chini kila baada ya tonge, hata nusu saa ikaishia juu ya kikombe kile kimoja.

Samaki hutangulia kwa sababu mwili unaopungua kwa kasi hula misuli yake wenyewe usipopewa protini, nayo hutakiwa gramu 60 hadi 80 kwa siku, ilhali yai zima halina zaidi ya gramu 6 au 7. Hapa ndipo ninapowaudhi akina mama wengi, ambao kwao mgonjwa ni uji na uji ni dawa. Kwani uji mtupu wa mchele au sembe hujaza kile kifuko na kukiacha maskini, na ukitiwa sukari nyingi huzidisha madhara. Afadhali utiwe maziwa ya unga, au mahali pake pashikwe na choroko zilizopondwa.

Maji nayo yana zamu yake: lita moja na nusu kwa siku, funda kwa funda, lakini si pamoja na chakula wala kabla ya nusu saa kupita baada yake. Na sukari, hasa kwa aliyefanyiwa namna ya pili, hushuka kwa ghafula utumboni, ikavuta maji kutoka mwilini, na mla halwa au mnywa juisi ya miwa akajikuta, kabla hajaondoka kitini, moyo wamwenda mbio, jasho lamtoka na tumbo lamkata.

Yote haya mgonjwa huyamudu akiwa peke yake. Mbele ya sinia la pilau arusini, shangazi akisema, "Mwanangu, hujala kitu, au chakula changu kibaya?", wengi huongeza tonge moja kwa haya, na tonge hilo moja ndilo hutapikwa. Rai yangu ni kwamba mwenyeji apewe habari mapema, kabla ya siku ya karamu, wala si lazima aelezwe kisa chote. Kuhusu Ramadhani, katika miezi ya kwanza ni muhali kuyafidia usiku maji yaliyokosekana mchana, na mgonjwa ana ruhusa katika dini. Basi na amwulize tabibu wake kabla ya kutia nia.

Vidonge vya vitamini, chuma na kalisi, pamoja na vitamini B12, ambayo wengine huipata kwa sindano, ni vya maisha, hata baada ya nguo zote za zamani kugawiwa. Ila atapikaye siku baada ya siku asingoje tarehe ya kliniki, kwa maana akiba ya vitamini B1 huisha mwilini kwa majuma machache tu, na upungufu wake huathiri ubongo. Aende hospitali siku hiyo hiyo, aseme amepasuliwa tumbo, na apewe vitamini hiyo kabla ya kutundikiwa maji ya sukari.