Mtoto wa Kupakatwa Garini

Leo tunazungumzia safari ya matatu ukiwa umempakata mtoto.

Gari likienda kilomita 50 kwa saa, wewe pia unaenda kilomita 50 kwa saa, na mtoto vilevile. Hamhisi chochote kwa kuwa mnakwenda pamoja. Dereva akikanyaga breki ghafla, kinachozuiwa ni gari. Mwili wako haujazuiwa, kwa hivyo unaendelea mbele kwa mwendo ule ule mpaka ukutane na kiti kilicho mbele yako. Kwenye kona ni hivyo hivyo: gari linakata, mwili unataka kwenda moja kwa moja, nawe unamlaumu jirani kuwa amekusukuma!

Akina mama wengi husema, "Mimi mtoto wangu namshika vizuri." Hebu tupige hesabu. Gari likigonga na kusimama kutoka mwendo huo kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 huchomoka mikononi kwa nguvu sawa na mzigo wa kilo 140. Hilo ni gunia moja na nusu la mahindi. Ni nani atalishika? Na mwendo ukipanda kutoka 40 hadi 80, nguvu ya kugonga haiwi mara mbili, huwa mara nne.

Mikanda ya matatu, iliyoanza kulazimishwa Februari 2004, ni ya kutuzuia pamoja na gari. Lakini usimfunge mtoto ndani ya mkanda wako. Mkigonga, uzito wako wote utamkandamiza kwenye mkanda huo, na tumbo lake ni laini. Mtoto anayeweza kuketi, mlipie kiti chake na umfunge. Najua nauli ni mzigo. Kwa mchanga, angalau jifunge wewe kwanza, kisha umpakate juu ya mkanda, na msiketi mbele kando ya dereva. Mwenye gari lake anunue kiti cha mtoto, akifunge nyuma, mtoto akitazama nyuma, ili mgongo mzima upokee kishindo badala ya shingo.

Nawe mjamzito, jifunge pia. Mkanda wa chini upite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga. Ule wa begani upite katikati ya matiti.