Sanduku la Nyaraka za Nyumbani Siku Hizi Liko Wapi?

Zamani kila mama aliyeshika nyumba alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda. Humo zilikaa kadi za kliniki za watoto, vyeti vya ubatizo, cheti cha ndoa, stakabadhi za ada, hati ya kiwanja na picha chache zilizopigwa studio. Nyumba ikishika moto, sanduku hilo ndilo lililotolewa kwanza baada ya watoto. Siku hizi sanduku limehamia ndani ya simu, na simu yenyewe inapandishwa daladala, inachezewa na mtoto wa miaka miwili na kutumbukizwa kwenye ndoo ya maji.

Sisi wauguzi tunakutana na jambo hili mara nyingi. Mama analeta mtoto kliniki, anaulizwa kadi, anajibu, "Kadi ilipotea, dada. Niliipiga picha, lakini simu nayo imeibiwa." Basi tunaanza kupekua rejista ili tujue mtoto ameshapata chanjo zipi, na kama alichanjwa mkoa mwingine kazi inakuwa ngumu maradufu. Mwingine anasimulia kwamba picha pekee ya marehemu mama yake ilikuwa ndani ya simu hiyohiyo. Hapo hata muuguzi hana la kusema.

Ndiyo sababu tumeona vema tuzungumze na akina mama wenzetu juu ya kuhifadhi nyaraka na picha mtandaoni, katika kile kinachoitwa wingu. Wengi wetu tunalitumia tayari bila kujua, kwa kuwa kijana aliyetuuzia simu ndiye aliyetufungulia akaunti, akaweka neno la siri analolijua yeye, nasi tukaondoka na furaha ya simu mpya.

WINGU NI JENGO

Hakuna kinachoelea angani. Picha ikipelekwa Google Photos, iCloud, OneDrive au Dropbox, inasafiri kwa intaneti na kwenda kukaa katika kompyuta za kampuni hiyo, zilizopangwa safu kwa safu ndani ya majengo makubwa. Faida yake ni kwamba simu ikiibiwa Kariakoo, picha haikuibiwa. Unapata simu nyingine, unaingiza barua pepe yako na neno la siri, na picha zako unazikuta.

Lakini jengo ni jengo. Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na wateja ambao hawakuwa na nakala mahali pengine walipoteza mali zao za mtandaoni. Kampuni zilizo kubwa zaidi huweka nakala katika majengo zaidi ya moja, kwa hiyo moto usimnyime mama usingizi. Hata hivyo nyaraka zile ambazo huwezi kuzipata tena zistahili nakala nyingine nyumbani, kwenye flashi iliyofungiwa kabatini.

Kuna kisa kimoja tunachokipenda. Mwaka 1998 kampuni ya Pixar ya Marekani ilikuwa inatengeneza filamu ya katuni ya Toy Story 2, ambayo watoto wetu wengi wameiona. Siku moja ikatolewa amri ya kufuta kimakosa, na sehemu kubwa ya filamu ikatoweka kwenye kompyuta. Walipokimbilia nakala za akiba, wakakuta hazikuwa zimehifadhiwa sawasawa, wala hakuna aliyekuwa amezijaribu. Aliyewaokoa ni mama, Galyn Susman, mmoja wa wakuu wa ufundi wa filamu hiyo. Alikuwa amejifungua na akawa anafanyia kazi nyumbani, kwa hiyo alikuwa na nakala kwenye kompyuta ya nyumbani kwake. Kompyuta ile ilifungwa kwa mablanketi, ikawekwa garini na kuendeshwa taratibu mpaka kazini. Filamu ilitoka mwaka 1999.

Wataalamu wale walidhani wana akiba, kumbe hawakuwahi kuifungua waione. Nasi tujipime hivyo. Mara moja kwa mwezi ingia kwenye akaunti yako kwa kutumia kompyuta au simu nyingine unayoiamini, utafute picha uliyopiga juma lililopita. Ipo? Kama haipo, huna akiba, hata kama simu inakuambia unayo. Ukimaliza usisahau kutoka kwenye akaunti, hasa kama ni simu ya jirani.

KIDOLE KINAFUTA PANDE ZOTE

Wanaopoteza picha za mtandaoni mara nyingi hawakuibiwa na mtu. Walizifuta wenyewe. Mama anaona simu imejaa, anafungua Google Photos, anafuta picha mia mbili akisema moyoni, "Si zipo mtandaoni?" La hasha. Picha iliyo kwenye simu na ile ya mtandaoni zimefungwa pamoja, na ukifuta ndani ya programu hiyo umefuta zote mbili. Zinakaa kwenye pipa la taka siku 60, halafu basi. Njia iliyo salama ni ile sehemu ya programu inayopunguza mzigo wa simu, ambayo huondoa picha kwenye simu baada ya kuhakikisha kwamba zimeshafika mtandaoni. Tofauti ya vitufe hivi viwili ni tofauti ya kuhamisha vyombo na kuvivunja.

Jambo la pili ni kujaa. Google humpa kila mtu GB 15 bila malipo, na humo humo hukaa barua pepe, nyaraka na picha. Hadi Mei 2021 picha zilizopunguzwa ubora hazikuhesabiwa, lakini tangu Juni 1, 2021 kila picha mpya inahesabiwa. Tangu mwaka 2024 hata akiba ya WhatsApp kwa simu za Android inakula nafasi hiyohiyo. iCloud ya Apple hutoa GB 5 tu za bure. Ukikadiria picha moja kuwa MB 3, GB 15 zinatosha picha 5,000 hivi, nazo si haba. Zinazojaza si picha za watoto. Ni video za kicheni pati, vichekesho, na zile salamu za asubuhi zenye maua na njiwa ambazo kila kikundi kinatutumia. Nafasi ikijaa, picha mpya haziendi tena mtandaoni, na barua pepe nazo hazikufikii, hata ile ya shule ya mtoto. Futa salamu, mama. Aliyezituma hataulizia.

Kwa habari ya bando, ingia kwenye mipangilio uchague picha ziende mtandaoni pale tu penye Wi-Fi. Na vyeti usivipige picha hivi hivi juu ya kitanda. Programu ya Google Drive ina kamera yake ya nyaraka, inayonyoosha karatasi na kuikata kingo hadi isomeke vizuri. Kwenye iPhone kazi hiyo hufanywa na programu ya kuandikia kumbukumbu. Lakini usitupe karatasi yenyewe, maana ofisi nyingi bado zinataka kuona cheti halisi.

NANI ANAONA?

Uzuri wa hifadhi hizi ni kwamba mtu anaweza kumfungulia mwenzake. Baba aliye safarini anasoma ripoti ya shule siku ileile, na dada aliye Mwanza anapata picha za harusi bila kusubiri flashi iletwe na basi. Ila kuna namna mbili za kufungulia, nazo hazilingani. Namna ya kwanza ni kutaja barua pepe ya mtu, akaona yeye. Ya pili ni kutoa linki ambayo yeyote aliye nayo anafungua, naye akimpa mwingine, huyo naye anafungua, hata shangazi wa jirani. Kwa picha za harusi, linki haina neno. Kwa nyaraka za afya, hapana kabisa.

Hapa tunasema kama wauguzi. Kadi ya mama mjamzito ina majibu ya vipimo vyake. Tumeona kadi za namna hiyo zikirushwa kwenye kikundi cha ukoo ili shemeji alipie dawa, na siri ya mama ikawa mali ya watu arobaini. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Sheria ipo, lakini neno likishatoka kwenye kikundi halirudishwi na sheria. Tazama pia kama tableti ya watoto imefunguliwa kwa akaunti ya mama. Kila picha anayopiga mama inaweza kutokea huko wakati watoto wakitazama katuni.

Lipo na lingine ambalo mama mwenye mtoto mchanga yafaa alijue. Februari 2021, baba mmoja wa San Francisco, Marekani, alipiga picha sehemu za siri za mwanawe mdogo zilizovimba, kwa kuwa muuguzi aliomba picha hizo ili daktari azione. Simu yake ilizipeleka mtandaoni yenyewe. Mitambo ya Google ikazishuku kuwa picha za kudhalilisha mtoto, na akaunti yake ikafungwa. Polisi walichunguza wakaona hakuna kosa lolote. Hata hivyo akaunti haikurudishwa, na barua pepe, namba za watu na picha za mtoto wake tangu azaliwe vikapotea. Gazeti la New York Times liliandika habari hiyo Agosti 2022. Ulinzi wa watoto dhidi ya watu waovu tunauunga mkono kwa moyo wote, lakini mashine haitofautishi daima. Mtoto akiwa na vipele au uvimbe sehemu hizo, mlete kituoni tumwone kwa macho. Hatutakuchoka.

FUNGUO ZIWE KWA NANI?

Tumeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo linalowaliza wanawake. Katika nyumba nyingi akaunti ni ya baba. Picha zote, risiti za ujenzi na nakala ya hati ya kiwanja vimo ndani ya simu yake. Neno la siri analijua yeye, na namba ya kuthibitisha inakuja kwenye laini yake. Siku akiitwa, mama anabaki mlangoni bila ufunguo. Wake wengi huona haya kulitaja jambo hili, wasije wakadhaniwa kuwa wanamwombea mume kifo. Mwanzeni kwa upande wenu: mwonyeshe yeye funguo zako kwanza.

Google ina sehemu ambapo mwenye akaunti anachagua hadi watu 10 watakaopewa vitu vyake akikaa kimya kwa miezi anayoitaja mwenyewe. Apple nayo, tangu Desemba 2021, inaruhusu mtu kumteua mrithi wa akaunti. Mrithi huyo hupewa ufunguo maalumu, ambao atautumia pamoja na cheti cha kifo. Kazi hii haizidi nusu saa, mkiwa mmekaa pamoja. Mkiwa hapo, chukueni na zile namba 10 za dharura ambazo Google huwapa wanaotumia uthibitisho wa hatua mbili, mziandike kwenye karatasi. Zitawafungulia mlango siku ambayo simu na laini vimeibiwa pamoja. Na akaunti isikae miaka miwili hivi hivi bila kuguswa, kwa maana tangu Desemba 2023 Google inaweza kuifuta akaunti iliyokaa muda huo bila kutumika.

Kwa mama ambaye ameshafiwa na hakuna kilichopangwa: ndugu wa karibu anaweza kuiandikia Google kupitia fomu yake maalumu na kuambatanisha cheti cha kifo. Neno la siri hatapewa, na kila ombi huamuliwa kivyake. Kwa hiyo simu yenyewe ndiyo tumaini la kwanza. Mara nyingi ndiyo pia kitu cha kwanza kuchukuliwa na ndugu baada ya kuanua matanga, na anayeichukua huifuta yote aanze upya. Omba wakupe siku mbili tatu. Kaa na mwanao anayeyajua mambo hayo, mhamishie picha na nyaraka kwenye kompyuta na flashi, mfungue mhakikishe zinasomeka, kisha ndipo simu itoke.